KESI YA MEERUT NI KESI YETU

Ndugu wanachama,

Wako wenzetu wanaonung'unika kwamba mchango wa kuwatetea viongozi mahakamani ni fedha ya kutupa. Wasema, "Kama hana kosa, ataachiliwa." Sisi watu wa reli twawajibu kwa habari ya Meerut.

Mwaka 1928 wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay waligoma miezi sita. Wakoloni wakaingiwa na hofu. Tarehe 20 Machi 1929 wakakamata watu 31 kote India, wengi wao viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wa reli pia. Waingereza wawili, Philip Spratt na Ben Bradley, walikuwamo. Shtaka lilikuwa kula njama ya kumnyang'anya Mfalme utawala wa India. Ushahidi ulikuwa nini? Barua, vitabu na hotuba. Si bomu, wala si bunduki.

Kwa nini wakapelekwa Meerut, mbali na Bombay na Calcutta walikofanya kazi? Kwa sababu katika miji hiyo wangeweza kudai juri, yaani raia waamue. Meerut aliamua jaji, na washauri watano ambao hakulazimika kuwasikiliza. Kesi ya nyani, hakimu ngedere!

Kesi ilikokotwa karibu miaka minne. D. R. Thengdi alikufa kabla ya hukumu. Januari 1933 watu 27 wakatiwa hatiani, na Muzaffar Ahmad akapewa kifungo cha maisha.

Lakini wenzao hawakulala. Kamati ya utetezi iliundwa, Jawaharlal Nehru akiwamo, na michango ikakusanywa. Rufani ilipoamuliwa Allahabad, Agosti 1933, vifungo vilipunguzwa sana na wengine wakaachiliwa. Je, fedha ile ilitupwa?

Na sisi Kenya tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwaka 1952 Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Kapenguria, mbali na watu. Katika mawakili waliokuja kuwatetea alikuwamo Diwan Chaman Lall wa India, mmoja wa walioanzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi huko mwaka 1920. Yeye alivuka bahari. Wewe unashindwa kuvuka uwanja wa stesheni kufika kwa mweka hazina?

Siku katibu wetu akikamatwa, wakili atalipwa na nani? Mwajiri? Ngoja uone!

Mwenye haki asiye na mtetezi hufungwa kama mwenye kosa. Lipeni mchango, ndugu, kabla ya siku hiyo.

Umoja ni nguvu.