Mimba ni Amana ya Wawili



Wasomaji wetu watukufu, katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anapotaja kunyonyesha kwa miaka miwili, hamtaji mama peke yake. Baba amebebeshwa chakula na mavazi ya mama huyo kwa wema, na hata kumwachisha mtoto ziwa kumefanywa jambo la kuridhiana na kushauriana baina yao. Iwapo katika ziwa baba ana shauri, basi hawezi kujitenga na maradhi yawezayo kumfikia mwanawe kupitia ziwa hilo hilo.

Nakusudia virusi vya ukimwi. Mama aliye navyo aweza kumwambukiza mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Pasipo dawa, kati ya watoto 100 wa akina mama hao, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa zake kila siku, na mtoto akapewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Na dawa hizo hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

Kwa nini basi wako watoto wanaoambukizwa hata leo? Sababu moja imo majumbani mwetu. Mke hupimwa peke yake, hurudi na habari nzito, naye amwogopa mumewe. Huenda akaambiwa ndiye aliyeleta maradhi. Huenda akapewa talaka. Huvificha vidonge, na siku mume ashindapo nyumbani, havimezwi. Siku ya kliniki ikifika, hathubutu kuomba nauli. Anayelipia siri hiyo ni mtoto.

Tutazame Eldoret, ambako wako jamaa zetu waliokwenda kwa biashara na masomo. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianzisha mpango wa AMPATH wa kupambana na ukimwi magharibi mwa Kenya. Baadaye washauri wao walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakiwapima watu majumbani mwao. Mume asiyekanyaga kliniki ya waja wazito alifikiwa mlangoni pake, akapata nafasi ya kupimwa yeye na mkewe.

Enyi akina baba, msingoje kubishiwa hodi. Fuatana na mkeo kliniki tangu siku ya kwanza, mpimwe pamoja. Usijifariji kwamba yeye akitoka salama nawe u salama, kwani hutokea mmoja akawa na virusi na mwenzake asiwe navyo. Ukimwambukiza akiwa mja mzito au ananyonyesha, hatari ya mtoto huzidi, kwa kuwa siku za mwanzo virusi huwa vingi mno mwilini. Na kipimo hakisemi nani alitangulia kuambukizwa. Basi usikifanye hukumu juu ya mkeo.

Mkumbushe dawa zake, na ukiwa nazo zako, mmeze pamoja. Miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama pekee. Bibi yake akishikilia apewe maji au uji, ni juu yako kumweleza mama yako kwa adabu, usimwachie mkeo mzigo huo. Mtoto afikapo wiki 6, mpelekeni akapimwe, na mfuate miadi yote hadi amalizapo kunyonya.

Nanyi dada zangu, mume akikataa kuja, msiache kupimwa wala kumeza dawa kwa kumngoja. Anayehofia ghadhabu ya mumewe na amweleze mshauri wa kliniki kwanza, watafute pamoja njia ya kumwambia kwa usalama.

Mume ni vazi la mkewe, na kazi ya vazi ni kusitiri. Allah atujaalie tuwe sitara kwa wake zetu na kinga kwa watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.