Sodo pekee hazitambakisha msichana wa kijijini darasani

KILA Mei 28, Siku ya Hedhi Duniani, mitandao yetu hujaa picha za aina moja. Kikundi kimefika kijijini na maboksi ya sodo, wasichana wamepangwa foleni, mheshimiwa katikati, kila mtu anatabasamu. Jioni msafara umesharudi mjini. Si jambo baya. Lakini uliza Januari inayofuata ni wasichana wangapi kati ya wale waliopigwa picha wako darasani, uone kama kuna atakayekujibu.

Kwenye karatasi, Kenya iko mbele. Ushuru wa VAT kwa sodo uliondolewa 2004. Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria inayoitaka serikali impe kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma sodo bila malipo, tena za kutosha na za ubora unaofaa. Tatizo ni kwamba mashinani ugavi huu umekuwa wa kuja na kupotea. Hata hivyo, tuseme zinafika kila mwezi bila kukosa. Je, zingetosha kumbakisha msichana shuleni?

Angalia takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu (KDHS) wa 2022. Kitaifa, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Samburu ni asilimia 50. Pokot Magharibi ni 36, Marsabit 29 na Narok 28. Sasa nenda Nyeri na Nyandarua: asilimia 5 tu. Nchi ni moja na sheria ni ile ile, ila msichana wa Samburu ana uwezekano mara 10 zaidi ya mwenzake wa Nyeri.

Utafiti huo huo unaonyesha kwamba miongoni mwa wasichana wa umri huo ambao hawakusoma kabisa, karibu wanne kati ya 10 wamewahi kupata mimba. Kwa waliovuka sekondari, ni asilimia 5.

Sisi huku mjini tumezoea kusema, "Ameacha shule kwa sababu ya mimba." Kumbe mara nyingi mambo huanzia upande wa pili. Msichana hurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, anakaa wiki, wiki inakuwa muhula, na huko nyumbani ndiko mimba au posa inamkuta. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, tuliona hayo waziwazi. Watafiti waliofuatilia wasichana wa sekondari za kutwa mashambani magharibi mwa Kenya walichapisha matokeo 2022: waliopitia kipindi hicho cha kufungwa walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha masomo, wakilinganishwa na waliowatangulia.

Kwa hivyo swali la kwanza ni pesa, na si lazima ziwe pesa nyingi. Kuanzia 2003, watafiti walifanya jaribio katika shule 328 za msingi magharibi mwa nchi. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi walipewa sare bure. Sare tu! Baada ya miaka mitatu, idadi ya wasichana walioacha shule ilishuka kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliojifungua wakiwa wadogo wakapungua kutoka 16 hadi 13. Hakuna aliyewahubiria. Waliondolewa gharama moja tu, na mzazi akakosa kisingizio kimoja.

Wajir nako, mradi wa AGI-K ulioendeshwa kati ya 2015 na 2017 ulizipa familia pesa kwa sharti kwamba binti ahudhurie masomo. Idadi ya wasichana walioandikishwa shuleni ilipanda.

Sasa linganisha na hali ilivyo leo. Sekondari ya kutwa ni "bure" kwa sababu serikali hufaa kutuma Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kuwa serikali inamudu takriban Sh16,900 pekee. Baadaye serikali ilisisitiza kwamba elimu bado ni ya bure, lakini pengo la zaidi ya Sh5,000 halizibwi na hotuba. Mwalimu mkuu atalipeleka kwa mzazi kwa jina lingine: chakula cha mchana, motisha, mitihani. Kwa mzazi anayeishi kwa vibarua, au mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame, hapo ndipo hesabu ngumu inapoanza. Nani abaki? Mara nyingi huwa ni yule ambaye kuna mtu tayari kumtolea mahari.

Kisha kuna umbali. Shule ikiwa kilomita nane, mwenye bodaboda anayempa msichana lifti ya bure leo anaweza kudai malipo yake kesho. Mabweni, na shule zilizo karibu, ni ulinzi, si anasa.

Na kwa aliyekwisha kujifungua, sera ya kumrudisha shuleni ipo tangu 1994, na mwongozo mpya ukatolewa 2020. Shule haina ruhusa ya kumfukuza. Lakini sera haimlei mtoto. Kama nyumbani hakuna wa kubaki na mtoto, na darasani wenzake wanamwita "mama", atarudi wiki moja halafu apotee kabisa.

Najua kuna msomaji anayeuliza, "Na mtoto wa kiume je?" Ni swali la haki. Sare za lile jaribio zilipewa wavulana pia. Kuondoa gharama ya shule hakumwibii mvulana chochote. Tofauti ni kwamba mvulana akitoka shule haozwi akiwa na miaka 14.

Wengi wetu tuna binamu au mdogo wetu ushago, kwa hivyo hii si habari ya watu wa mbali. Kama chama chenu kina pesa ya maboksi, chagueni shule moja na mlipie sare na chakula cha wasichana watano hadi wamalize, kisha mpige simu kila mwanzo wa muhula kuuliza nani hajaripoti. Mwulize MCA na mbunge wako orodha ya basari ya wadi yenu: imepewa nani, na kwa vigezo gani? Ukisikia binti anaandaliwa kuozwa, piga 116, laini ya bure ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto.

Sodo ni haki yake, na zifike. Lakini zimkute darasani.