Lebo za mafuta ziseme Kiswahili



Naomba nafasi katika ukurasa huu ili nitoe dukuduku langu kuhusu mafuta tunayouziwa madukani.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi nilisumbuliwa na tumbo: kujaa gesi, kunguruma na kuharisha kila ninywapo maziwa. Hatimaye daktari alinieleza kwamba tumbo langu haliwezi kusaga sukari iliyomo ndani ya maziwa, na kwamba watu wazima wengi wa Afrika wako hivyo hivyo. Nikaacha maziwa, na tumbo likatulia.

Lakini ndipo nilipotumbukia katika kosa jingine. Kwa kukwepa maziwa na siagi ya ng'ombe, nilihamia kwenye siagi ya kopo, mafuta ya kupikia yaliyoganda, biskuti na keki za dukani, nikiamini kwamba kila kitokanacho na mimea ni salama. Mwaka jana nilipopimwa damu niliambiwa lehemu imepanda. Sisemi kwamba mafuta hayo peke yake ndiyo yaliyonifikisha hapo, maana hata uzee umo. Hata hivyo nilianza kuuliza na kusoma.

Nimeelewa kwamba mafuta ya maji ya mimea yanaweza kugandishwa kiwandani kwa kutiwa gesi ya haidrojeni. Kazi hiyo ikifanywa nusunusu, hutokea mafuta yaitwayo transi. Haya huongeza lehemu mbaya katika damu na kupunguza ile nzuri, na hivyo kuuweka moyo hatarini. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anayekula chakula cha kalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 2.2 za transi, na mwaka 2018 lilizitaka nchi zote ziyaondoe mafuta hayo ya viwandani katika chakula. Denmark iliyawekea mipaka tangu mwaka 2003, na Afrika Kusini ilitunga kanuni zake mwaka 2011.

Wako watakaosema kwamba nawaonea wenye viwanda. La hasha! Si kila siagi ya kopo ina transi, kwani inawezekana kabisa kuitengeneza kwa njia nyingine. Lakini mnunuzi atajuaje? Kopo nililokuwa nikinunua lilikuwa na maandishi madogo kama sisimizi, tena ya lugha ya kigeni. Mjukuu wangu aliponisomea, niligundua kwamba ndani yake mlikuwa pia na maziwa ya unga, yale yale niliyoyakimbia! Ikiwa mimi niliyeshika chaki miaka 30 nilidanganyika, itakuwaje kwa wenzangu ambao hata hicho kigeni hawakukisoma?

Siku hizi nakula mkate wangu kwa karanga za kusaga, nanywa chai ya rangi, na mboga napikia mafuta ya alizeti kidogo. Nazi na mawese havina tatizo hili la kugandishwa, ila navyo natumia kwa kiasi kwa sababu vina mafuta mazito yanayoweza kupandisha lehemu. Mafuta yaliyokwisha kukaangia siyarudii tena na tena. Na kwa kuwa maziwa ndiyo yaliyokuwa yakinipa madini ya mifupa, sasa nala dagaa wazima wazima, pamoja na mchicha.

Kwa hiyo basi, nawaomba wahusika wa viwango vya vyakula wahakikishe kwamba kila kopo la mafuta na kila pakiti ya biskuti inayouzwa kwa wananchi inaeleza kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, mambo mawili: kiasi cha transi kilichomo, na kama mna maziwa au hamna. Gharama yake ni wino tu. Nasi wanunuzi tuwe na desturi ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Mwenye tumbo bovu asiponywe tumbo kwa kuharibiwa moyo.



Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.