Ulumbi Uliobakia Vitabuni

Mwanafunzi wa Kiswahili huzitaja sifa za mlumbi bila kusita: ukwasi wa lugha, ujasiri, sauti ipandayo na kushuka, uwezo wa kuisoma hadhira. Mwanafunzi huyo huyo akiitwa mbele ya semina, huwapa wenzake mgongo, akaukabili ukuta na kuzisoma slaidi neno kwa neno hadi muda umwishie. Chanzo hakiko mbali. Katika KCSE, fasihi simulizi hutahiniwa kwa kalamu, katika Karatasi ya 3. Mtahiniwa hueleza jinsi fanani anavyoishirikisha hadhira, ilhali yeye mwenyewe hajafumbua kinywa. Chuoni nako, mhadhiri akituza makala pekee, nani atahangaika kuizoeza sauti?

Woga si hoja. Hata mzoefu hutetemeka. Mwasilishaji na aingie na kijikaratasi cha hoja tatu alizokwisha kuzitamka kwa sauti chumbani, na sentensi ya kwanza aijue kwa moyo. Wahadhiri nao watenge alama za usemaji, na anayesoma slaidi akatizwe kwa swali. Wengi wa wanafunzi hawa watakuwa walimu, na madarasa mengi yanayowasubiri hayana projekta.