Bei haipandi, fungu ndilo linalokonda

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui wangesema nini leo wakipita Kariakoo, Mwenge au Buguruni. Siku hizi kizuri na kibaya vyote vinajitembeza. Vina spika juu ya gari, vina fulana na kofia za bure, vina mabango makubwa kuliko nyumba za watu, na vinakufuata mpaka ndani ya simu yako alfajiri kukuambia umebakiza hatua moja tu ushinde pikipiki.

Hata duka la Mangi mtaani halina rangi yake tena. Limepakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda kuanzia mlangoni hadi kwenye bati. Jina la kampuni limejaa ukuta mzima, la Mangi mwenyewe limebanwa pembeni kama anwani ya bahasha.

Lakini leo sitaki kuongelea matangazo ya kelele. Hayo tunayaona, tunayacheka, tunayapuuza. Nataka kuongelea tangazo la kimya ambalo hakuna anayeliita tangazo: bei yenyewe. Wengi tunadhani bei ni namba tu, mtu kapiga hesabu ya gharama zake, kaongeza faida, kaandika. Mimi naona bei ni maneno. Inasema na wewe, inakubembeleza, na mara nyingi inakuamulia kabla hujaamua.

Chukua mfano wa Kariakoo. Unashika suruali, muuzaji anasema elfu arobaini. Unaguna. Anakuuliza, "Kwani bosi wangu una ngapi?" Mnavutana mpaka elfu ishirini na tano. Unaondoka kifua mbele kwamba umeokoa elfu kumi na tano. Jamani, umeziokoa kutoka wapi? Hiyo arobaini nani aliileta? Aliileta yeye, ili ishirini na tano ionekane huruma. Angeanza na ishirini na tano ungempa kumi na tano.

Haya si mambo ya Kariakoo tu. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jaribio moja katika jarida la Science. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, gurudumu lililotegwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Walioona 10 walikisia kiasi cha asilimia 25. Walioona 65 walikisia kiasi cha asilimia 45. Gurudumu halina uhusiano wowote na Afrika wala na Umoja wa Mataifa, lakini namba ya kwanza iliyoingia kichwani ilikataa kutoka. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Wauzaji wetu wa suruali hawakupata kitu, ingawa somo hilo walilijua siku nyingi.

Mfano mwingine ni bei zinazoishia na tisa. Watafiti wawili, Eric Anderson na Duncan Simester, walichapisha mwaka 2003 majaribio waliyofanya kwenye katalogi za nguo za kike. Nguo ile ile iliuzwa kwa dola 34 kwa wateja fulani, dola 39 kwa wengine, dola 44 kwa wengine. Ungedhani ya 34 ndiyo iliyonunuliwa zaidi. Hapana, ni ya 39. Watu waliacha nafuu ya kweli wakakimbilia tisa, kwa sababu tisa imezoeleka kuwa sura ya punguzo. Ndiyo maana hata Dar es Salaam unakuta kitu kimeandikwa 9,990 wakati shilingi kumi mfukoni huna wala muuzaji hana. Unalipa elfu kumi, chenji unasamehe au unapewa pipi.

Sasa hayo ni ya wenye nafasi ya kuingia duka la nguo. Yanayoniuma mimi yako chini zaidi, kwenye fungu, kipimo na pakiti.

Mtazame mama wa maandazi. Unga umepanda, mafuta yamepanda, mkaa umepanda. Andazi la mia moja akiliuza mia na hamsini wateja watamwambia amelewa pesa. Basi haongezi bei, anapunguza andazi. Mteja anakula bila kugomba, ila akifika kazini saa nne anashangaa njaa imerudi. Nyanya ni vile vile. Fungu la mia tano linabaki la mia tano mwaka hadi mwaka, lakini leo lina nyanya sita, kesho tano, keshokutwa nne na ile ya juu tu ndiyo nyekundu. Bei haipandi, fungu ndilo linalokonda.

Wakubwa wa dunia nao wanafanya hivyo hivyo. Mwaka 2016 chokoleti ya Toblerone iliyouzwa Uingereza iliongezewa nafasi katikati ya vile vilima vyake. Ya gramu 400 ikawa 360, ya gramu 170 ikawa 150. Waingereza walipiga kelele dunia nzima ikasikia. Tofauti yao na sisi ni kwamba gramu zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi, wakaweza kulinganisha. Fungu la nyanya lina karatasi gani?

Twende kwenye mafuta ya kula. Tufanye hesabu ya mfano, namba nimezichagua ziwe rahisi. Tuseme lita moja inauzwa shilingi 6,000, na kipimo kidogo cha mililita 50 kinauzwa shilingi 400. Vipimo 20 ndiyo lita moja. Mara 400, ni shilingi 8,000. Anayenunua kipimo kimoja kila siku analipa shilingi 2,000 zaidi kwa kila lita kuliko jirani yake mwenye uwezo wa kutoa 6,000 kwa mkupuo. Kwa mwaka atanunua vipimo 365, yaani lita 18 na kidogo. Tofauti inakaribia shilingi 36,500. Hayo ni mafuta peke yake. Ongeza sukari ya robo, sabuni ya pakiti ndogo, mkaa wa kopo, chumvi, majani ya chai na dawa ya meno. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini hapa kibaba kinachojaa si cha mnunuzi.

Kuna wenzetu wanaopenda kusema maskini ni maskini kwa sababu hajui kupanga matumizi. "Si anunue lita nzima?" Hiyo ni kauli ya mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Anayelipwa jioni kwa jioni, akiweka 6,000 kwenye mafuta leo, watoto watakula mafuta bila ugali. Tena kwenye nyumba za kupanga zenye wapangaji sita uani, chupa ya lita ikionekana haimalizi wiki. Huyu kaja kuomba ya kukaangia yai, yule ya kupaka chapati, na kumnyima jirani ni dhambi. Kununua kidogo kidogo si ujinga. Ni hesabu sahihi ya mtu asiye na akiba. Ubaya ni kwamba hesabu hiyo imegeuzwa mtaji wa wengine.

Wala simlaumu Mangi. Yeye anafungua alfajiri na kufunga usiku wa manane, anapima mafuta yanayomwagika, anafunga sukari kwenye vipakiti, na ana daftari la madeni ambalo benki yoyote ingelikimbia. Kazi hiyo ina gharama. Swali langu si kwa nini kidogo kina bei kubwa. Swali ni kwa nini hatuoni ni kubwa kiasi gani.

Na ukitaka kujua mchezo huu una pande ngapi, nenda shambani. Kule mnunuzi anataka gunia la viazi au vitunguu lijazwe mpaka lifungwe kilemba juu, ndiyo lumbesa. Kanuni zetu za vipimo zinasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka na miaka. Lumbesa bado iko. Mkulima analipwa kwa gunia moja huku ametoa zaidi ya gunia. Mzigo ule ule ukifika mjini unashushwa, unagawanywa kwenye sado na mafungu, na sado nyingine kitako kimebonyezwa ndani. Shambani kipimo kinavimba, mjini kinasinyaa. Mkulima anauza bila mizani, mlaji ananunua bila mizani. Mwenye kujua kilo ni ngapi ni yule wa katikati tu.

Simu nayo imejifunza kuuza fungu. Zamani ulijua dakika moja ni shilingi ngapi. Leo unauziwa kifurushi: dakika kadhaa za mtandao huu, chache za mitandao yote, SMS ambazo huzitumii na MB zitakazokufa saa sita usiku. Kampuni ya pili inachanganya kwa namna nyingine, ya tatu namna yake. Nani mwenye bei nafuu? Jaribu kukokotoa ukiwa umesimama kituoni unasubiri daladala. Huwezi, na ndiyo maana ya kuchanganya. Bei mpya za vifurushi zilipoanza tarehe 2 Aprili 2021, watu walipiga kelele mitandaoni mpaka serikali ikazisitisha haraka. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini iliamka kwa sababu kifurushi kilikonda ghafla. Kinapokonda taratibu kama andazi, tunanyamaza.

Kwamba ukubwa wa pakiti unaamua nani anunue nini, serikali yenyewe inajua. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 ilipiga marufuku pombe za viroba. Pombe haikupigwa marufuku, chupa zilibaki. Kilichozuiwa ni ile pakiti ndogo iliyowezesha hata mwanafunzi kununua kwa hela ya chenji na kuificha kwenye soksi. Maana yake tulikubali hadharani kwamba pakiti si karatasi tu, ni njia ya kumfikia mtu fulani. Kama tuliliona hilo kwa kiroba, kwa nini tunafumba macho kwa sabuni, mafuta na vifurushi?

Nisieleweke vibaya. Sitaki pakiti ndogo zifutwe. Zikifutwa leo, kesho kuna nyumba hazitafua. Ninachotaka ni kitu kimoja kidogo: bei ya kipimo ionekane. Yaani pamoja na bei ya pakiti, iandikwe na bei ya kilo au ya lita. Umoja wa Ulaya una sheria hiyo tangu 1998. Ufaransa imekwenda mbele zaidi: kuanzia tarehe 1 Julai 2024, maduka makubwa yanatakiwa kuweka tangazo kwa muda wa miezi miwili bidhaa inapopunguzwa ujazo bila bei kushuka sawia. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, tuna Tume ya Ushindani, tuna Wakala wa Vipimo. Tuanze na supamaketi na maduka ya jumla, ambako kuandika namba moja zaidi kwenye kibao hakuui mtu. Mangi atafuata taratibu, na masoko yawe na mizani moja ya wazi ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuweka mzigo wake na kuhakikisha.

Mtasema Wabongo hatusomi vibao. Mbona bei ya petroli tunaijua? Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo kwa lita, magazeti yanaandika, redio zinasoma, na dereva wa bodaboda asiye na hata tangi lililojaa anaweza kukutajia. Ameijua kwa sababu inasemwa kwa kipimo kimoja, kila mahali, kila mwezi. Mwenye gari tumemfanyia hivyo. Mama wa chapati, ambaye mafuta yake ni ya kula, hatujamfanyia. Na vyombo vyetu vya habari vina sehemu yao ya lawama. Ni vigumu kuandika kwamba pakiti imepungua gramu wakati ukurasa wa nyuma mzima umelipiwa na mwenye pakiti.

Wakati tukisubiri wakubwa waamke, kuna la kufanya sisi wenyewe. Akina mama wa upatu wamekwisha kutuonyesha njia: badala ya kupokezana hela tu, vikundi vingine hununua dumu la mafuta au gunia la mchele wakagawana kwa kilo. Watu kumi wenye hela ya kipimo wakikaa pamoja wanapata bei ya dumu. Hakuna ofa ya kampuni yoyote inayofikia hapo, na haihitaji kutuma neno SHINDA kwenda namba yoyote.

Na wewe ndugu yangu, leo ukifika dukani, kabla hujatoa hela chukua ile bei ya pakiti uigawanye mwenyewe upate ya kilo. Ukipata jibu, mwambie na aliye nyuma yako kwenye foleni.