NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Siku ya kuzindua nyumba mpya, wageni huonyeshwa rangi ya kuta, vioo vya madirisha na bomba linalotoa maji. Mhandisi hueleza kiasi cha saruji na nondo kilichotumika. Hayo yote ni ya lazima, kwani nyumba yenye ufa ni hatari kwa wakaao. Lakini uko upimaji mwingine usioweza kufanywa siku hiyo: je, watakaoingia humo wataweza kulea watoto, kusaidiana na kulipa gharama zake kwa miaka mingi? Huo ndio uimara wa nyumba kwa upande wa jamii, na katika nchi zinazoendelea husahauliwa mara nyingi.

Mfano mzuri wa kujifunzia unapatikana Ethiopia. Katikati ya miaka ya 2000, jiji la Addis Ababa lilianza mpango mkubwa wa kujenga majumba ya ghorofa kwa wananchi wa kipato cha chini na cha kati, kisha mpango huo ukaenea katika miji mingine. Majumba mengi yalikuwa na ghorofa nne juu ya ile ya chini, bila lifti. Nyumba ziligawiwa kwa kura, na asilimia 30 zikatengewa wanawake. Aliyepata alitoa sehemu ya bei kwanza, na iliyobaki akakopeshwa na benki. Watu waliokuwa wakipanga vyumba vya udongo wakawa wenye nyumba kwa hati, nao wakapata choo na maji ndani. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Tena wasanifu hawakupuuza desturi za wenyeji. Mama wa Kiethiopia huoka injera, mkate mpana wa nafaka ya tefu, na katika sikukuu familia huchinja kondoo. Kazi hizo ni taabu kuzifanya katika chumba kidogo cha ghorofa ya tatu. Kwa hiyo kando ya majumba yakajengwa majengo ya shirika kwa ajili ya kupikia, kufulia na kuchinjia.

Hata hivyo, kasoro zilidhihirika watu walipokwisha kuhamia. Mitaa mingi mipya ilikuwa pembezoni mwa jiji. Mama aliyepata riziki kwa kufua nguo za watu au kuuza mboga karibu na soko alijikuta mbali na wateja wake, na nauli ikala faida. Wengine walishindwa kulipa deni la benki. Sheria iliwakataza kuuza nyumba kwa miaka mitano, lakini haikuwakataza kupangisha; basi wengi wakawapangisha wenye uwezo, wao wenyewe wakaenda kutafuta chumba cha bei nafuu. Na kwa kuwa kura haiangalii ujirani, watu waliokuwa katika iddir moja, yaani chama cha kuchangiana wakati wa msiba, waliweza kutawanyika huku na huko. Kuta zilisimama imara, lakini mkono wa jirani ulikuwa umebaki mtaa wa zamani.

Somo hili linazihusu pia familia za askari. Katika kambi, mtu hachagui jirani. Wake wa askari hukutana kutoka mikoa mbalimbali, kila mmoja na lugha na mapishi yake, na kabla hawajazoeana vizuri, amri ya uhamisho hufika. Kwa hiyo nyumba za kambi, ziwe za mabati au za ghorofa, zinahitaji kupimwa kwa maswali manne.

Swali la kwanza ni la mfuko. Baada ya kulipa maji, umeme na nauli ya watoto kwenda shule, je, mshahara unabakiza chakula cha mwezi mzima? Nyumba inayopunguza sufuria haijamsaidia mkaaji.

La pili ni la kazi za kila siku. Mkaa unawashwa wapi pasipo moshi kuingia chumbani? Nguo zinaanikwa wapi? Pana nafasi ya kufuga kuku au kupanda mboga? Mama akiwa jikoni, je, anamwona mtoto anayecheza nje?

La tatu ni la wanyonge. Askari aliyerudi na jeraha, anayetembea kwa magongo, hawezi kupangiwa ghorofa ya nne. Mama mjamzito hawezi kupandisha ndoo ya maji ngazi zote hizo kila bomba linapokauka. Na choo cha shirika kisicho na taa humfanya binti aogope kutoka usiku.

La nne ni la kesho. Nyumba ya serikali hurudishwa askari anapostaafu au anapofariki. Mjane aliyepoteza mume asipoteze na paa kwa ghafla, wala watoto wasikatizwe muhula wa shule. Muda wa kuhama ujulikane mapema na uandikwe, nayo familia ihimizwe kuweka akiba ya kiwanja tangu siku za kazi.

Upimaji huu hautaki mitambo. Kabla ya msingi kuchimbwa, ramani ioneshwe kwa wale watakaopika na kufua humo, nao waulizwe. Mwaka mmoja baada ya kuhamia, wakaguzi warudi, wapite mlango kwa mlango, wahesabu waliobaki na waliohama, na waulize sababu. Waangalie pia kama ngazi zinafagiwa kwa zamu, kama pana chama cha kusaidiana, na kama mgeni wa juzi amekwisha kuingizwa ndani yake. Penye hayo, nyumba itatunzwa hata rangi ikichakaa.

Kazi hiyo iwe ya kamati ya wakazi. Lakini kamati ya kambi isiyokuwa na mwanamke hata mmoja itayajibu maswali hayo kwa kubahatisha, na majengo yatakayofuata yatakuwa na kasoro zile zile.