Kichwa cha Treni Kinachodai Kitabu

Mnisamehe, lakini nimechoka na historia ya TAZARA inayoanza kwa Nyerere, Kaunda na Mao, kisha inaishia kwenye makabidhiano ya 1976. Kilomita 1,860 za reli, na kilichokuwa kinavuta mabehewa hakisemwi!

Chukueni DFH2, kichwa cha dizeli kutoka Qingdao, China. Nguvu farasi 2,000, zikifika magurudumuni kwa msukumo wa mafuta, si kwa mota za umeme. Herufi hizo ni Dongfanghong, yaani Mashariki ni Nyekundu. Kwenye tambarare ya Kilombero, kati ya Ifakara na Mlimba, kilijiweza. Baada ya Mlimba, mlima wa kwenda Makambako ulikitoa jasho. Miaka ya 1980 ikabidi viletwe vichwa vya dizeli-umeme kutoka Ujerumani.

Jamani, hiyo si riwaya? Mashine yenye jina la mapinduzi inazidiwa na mlima, huku bondeni wauza mchele wakiisubiri na magunia yao.

Kitabu kinachowasikiliza watu wa reli hiyo kipo: *Africa's Freedom Railway* cha Jamie Monson, 2009. Kwa Kiingereza. Cha Kiswahili cha kukikaribia mimi sijakiona.

Eti lugha yetu haina maneno ya mashine? Mafundi wa karakana wanayatumia kila siku. Waandishi, acheni visingizio. Pandeni treni, shukeni Ifakara, mkawatafute madereva wastaafu. Chuma chakavu kinaweza kungoja mnunuzi. Wazee hao hawatatungoja.